Meza Iliyokatwa kwa Tumbo Lisilokuwepo

Adeer Nuh, ndugu mdogo wa baba yangu, ni mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Nalitaja hilo mwanzo kwa sababu bila kulijua huwezi kuielewa meza yake.

Meza hiyo iko sebuleni kwake, Bulla Iftin, mjini Garissa. Ni ya mbao nzito, na upande wa kukalia imekatwa nusu duara, pengo la kutosha kupitisha ndama. Hadithi inasema kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mtawa na mwanafalsafa wa Kikatoliki aliyeishi Italia zaidi ya miaka mia saba iliyopita, alikuwa mnene mno hata ikabidi meza yake ikatwe ili tumbo lipate nafasi. Kwa niliyoyasoma, huenda hadithi hiyo ilitungwa na watu waliomtania baada ya kufa. Adeer hakutaka kuyajua hayo. Alichora mchoro akaupeleka kwa seremala. Seremala akautazama mchoro, akamtazama tumboni, akauliza, "Mgeni mwenyewe anafika lini?"

Tangu siku hiyo kalamu, miwani na vikombe vya chai hupotelea katika lile pengo na kuishia mapajani mwake au sakafuni. Yeye huinama, huviokota, na kuendelea kuzungumza.

Alimkuta Tomaso chuo kikuu, Nairobi. Alikuwa ameomba kusomea sheria. Alama hazikutosha, wakamweka kwenye falsafa. Mhadhiri wake, padri mzee, aliwafundisha kwamba Tomaso alivisoma vitabu vya wanafalsafa wa Kiislamu, akakubaliana navyo palipostahili, na palipobaki akabishana navyo kwa heshima. Ni jambo zuri. Mtu mwingine angelijua, akafurahi, akaendelea na maisha yake. Adeer alirudi nalo Garissa kana kwamba amegundua maji.

Alifundisha historia katika shule ya sekondari mpaka akastaafu, na wanafunzi waliopitia kwake walitoka wakijua kidogo kuhusu vita vya dunia na mengi kuhusu chakula cha watawa. Kisha redio moja ndogo ya mjini ikampa nusu saa kila Alhamisi, baada ya swala ya alasiri. Huzungumza Kiswahili, si lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu anasema mawazo makubwa yanahitaji lugha isiyo ya jikoni. Kwa hiyo nusu ya wasikilizaji hawamfuati vizuri, na nusu ya pili hupiga simu kuuliza bei ya mbuzi.

Imamu wa mtaa alimwita siku moja baada ya kusikia kipindi.

"Nuh, umeingia Ukristo?"

"Hapana, sheikh."

"Basi vizuri. Kunywa chai."

Yakaishia hapo. Adeer alirudi nyumbani amenuna. Alikuwa ametazamia kuteswa kidogo.

Redioni alisimulia pia kwamba Tomaso alikuwa mkimya darasani, hata wenzake wakamwita Ng'ombe Bubu, mpaka mwalimu wake akawaambia kwamba siku moja mlio wa ng'ombe huyo ungesikika dunia nzima. Kesho yake madalali wa soko la mifugo walikuwa wamekwisha kumbatiza: Nuh Ng'ombe Bubu. Alilipokea jina hilo kama nishani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza kwamba walikuwa wanacheka kwa sababu mtu huyu hajawahi kunyamaza hata akiwa anatawadha.

Mafundisho ya Tomaso, jinsi Adeer alivyokuwa akiyatoa, yalikuwa mawili tu, ingawa aliyagawa katika vipindi visivyo na mwisho. La kwanza lilikuwa namna ya kubishana. Tomaso hakumjibu mtu kabla ya kuyaeleza kwanza maneno ya mtu huyo, tena vizuri kuliko mwenyewe alivyoyaeleza. Hapa Adeer alipenda kuongeza kwamba ukoo wetu uliyajua hayo bila kusoma Kilatini. Katika kikao cha wazee wetu, anayejibu hurejesha kwanza maneno ya mwenzake, na hapewi nafasi ya kujibu mpaka mwenzake aseme, "Ndivyo." Ni desturi ya kweli, nimeikuta tangu utotoni. Adeer aliipigia debe hewani mwezi mzima, kana kwamba aliibuni yeye.

La pili lilikuwa wito. Tomaso alizaliwa katika jamaa yenye ngome na mashamba. Walitaka awe mkuu wa monasteri tajiri iliyokuwa jirani, ili utukufu na mapato vibaki nyumbani. Yeye akajiunga na watawa maskini, waliokula kile walichopewa mlangoni mwa watu. Mama yake akaona aibu, akawatuma kaka zake Tomaso, wakamkamata njiani na kumfungia ngomeni karibu mwaka mzima. Hakubadilika. Kila Adeer alipofika hapa sauti yake ilikatika. Alisema mtu anayeufungia wito wa mtoto wake ni mwizi, anamwibia Mungu.

Sasa, Adeer ana binti mmoja, Sahra.

Sahra alimaliza shahada ya biashara, na baba yake akamtafutia kazi kwa rafiki yake katika shirika la misaada, ofisi ya vioo yenye kiyoyozi na mlinzi anayepiga saluti. Sahra aliripoti, akakaa kwa muda, kisha siku moja akatumwa Kotile, kule Ijara, kuandika taarifa kuhusu watoto wa wafugaji wasiosoma. Aliiandika. Halafu akarudi Kotile kwa gharama yake, na safari hii hakwenda kuandika chochote. Familia kadhaa zilikuwa zinataka mwalimu atakayehama nazo malisho yanapohama. Hakukuwa na mshahara. Kila nyumba ingemlisha kwa zamu: maziwa, uji, nyama ikipatikana. Sahra akaacha kazi ya ofisini, akabaki nao.

Habari zilipomfikia Adeer, hakuuliza kama watoto wanajifunza. Aliuliza, "Anakula kwa nani?"

"Kwa watu," akajibu Maka, mke wake. "Kwa zamu."

"Kwa zamu? Binti wa Nuh anatembeza bakuli nyumba hadi nyumba?"

"Wanamletea wenyewe, Nuh. Hatembezi kitu."

"Madalali watasemaje?"

Akamtuma Deeq, mwanawe mkubwa, achukue gari, yeye na mdogo wake wa kiume, waende Kotile wamrudishe dada yao. Deeq hakuwa na haja ya kumkamata mtu. Alimwambia dada yake, "Hooyo mgonjwa," na Sahra akaingia garini na chaki bado mkononi. Walipofika Bulla Iftin alimkuta mama yake jikoni akigeuza anjera kaangoni.

"Pole, Hooyo. Unaumwa wapi?"

"Nani anaumwa?" akasema Maka. Akamtazama Deeq. Deeq akakumbuka kwamba ana shughuli mjini.

Tangu hapo geti la mbele likafungwa kwa kufuli, funguo zikakaa mfukoni mwa Adeer, na simu ya Sahra ikawekwa kwenye droo ya ile meza. Nilipokwenda kumsalimu binamu yangu, Adeer mwenyewe ndiye aliyenifungulia, akafunga tena nyuma yangu, akanieleza bila kuulizwa.

"Usidhani nimemfunga. Nimempa utulivu wa kutafakari."

"Na akimaliza kutafakari, Adeer?"

"Atakuwa amekubaliana nami."

Alhamisi ilipofika akaenda redioni. Sisi watatu, Sahra, Maka na mimi, tulikuwa jikoni tukichambua mchele, redio ndogo ya Maka iko dirishani. Naapa sikuwa najua mada ya siku hiyo. Ilikuwa ni kufungiwa kwa Tomaso.

Aliisimulia vizuri sana, sitamnyima haki yake. Alisimulia jinsi kaka zake walivyomvizia barabarani, walivyojaribu kumvua kanzu yake ya kitawa naye akaishikilia. Alisimulia mlango ukifungwa, na jinsi kijana yule alivyokaa ndani akisoma na kusali huku jamaa nzima ikisubiri achoke. Kisha sauti ikakatika, pale pale inapokatika kila mara, na tukamsikia akivuta kamasi. "Enyi wazazi," akasema, "fungueni milango."

Maka aliacha kuchambua. Sahra alikuwa amejiinamia, mabega yakitikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Anaijua hadithi yote," akasema. "Anajua mpaka nguo walizovaa."

"Ukimwambia ataelewa?" nikauliza.

"Nikimwambia peke yangu atanisomesha. Nataka niseme mbele ya wazee."

Jioni hiyo aliomba kikao. Nilitegemea baba yake akatae, kumbe nilikuwa simjui bado. Alifurahi. Alijiona amekaa katikati ya wazee akihukumu kwa upole. Alimpigia simu mwenyewe Mzee Adow, mkubwa wa ukoo, aliyezeeka katika biashara ya ngamia na hapendi kukalishwa muda mrefu. Akawaalika na wengine watatu. Alimwambia kila mmoja kwamba kikao kitafuata desturi yetu halisi, neno kwa neno, kwa sababu vijana wa siku hizi wameisahau.

Walikuja Jumamosi baada ya adhuhuri. Wazee wakakaa kwenye makochi, Maka na mimi tukakaa mkekani karibu na mlango wa jikoni, Deeq akasimama kona ya mbali kabisa na dada yake. Adeer alikaa nyuma ya meza yake. Alikuwa amepanga karatasi mbele yake, na kabla Mzee Adow hajamaliza dua, karatasi mbili zilikuwa zimeshatumbukia pengoni.

"Nuh," akasema Mzee Adow, "hii meza ililiwa na mchwa?"

"Ni ya kihistoria, mzee."

"Haya. Sahra, sema."

Sahra alisema akiwa amesimama, mikono imeshikana mbele. Hakupaza sauti.

"Kotile nalishwa kwa zamu. Aabo anaona aibu kwamba binti yake anakula kwa watu. Mimi sioni aibu, kwa sababu wanaonilisha wananilisha kwa kazi, na wangeweza kuacha wakiona haina faida. Ofisini nilikuwa nalipwa kuandika kwamba watoto wa wafugaji hawasomi. Kotile nawasomesha. Sijakataa kumtii Aabo. Nakataa kuambiwa kwamba kazi ninayoifanya si kazi. Naomba nirudi, na naomba nirudi kwa idhini yake."

Mmoja wa wazee akatikisa kichwa polepole.

"Nuh," akasema Mzee Adow, "rejesha maneno ya binti, kisha ujibu."

Adeer akasafisha koo. Huyu ndiye mtu aliyetufundisha hewani mwezi mzima.

"Anasema baba yake hana akili."

"Sikusema hivyo," akasema Sahra.

"Hakusema hivyo," akasema Mzee Adow. "Rejesha."

"Anasema amechoshwa na kazi nzuri niliyomtafutia kwa jasho langu, anataka kuzurura malishoni."

"Sikusema hivyo."

"Rejesha, Nuh."

"Mzee, hii ndiyo maana ya maneno yake. Nafasiri. Lazima tutofautishe kati ya maneno na maana. Karne ya kumi na tatu, katika chuo cha Paris..."

"Mimi nimetoka soko la mifugo sasa hivi," akasema Mzee Adow, "na nina ngamia nimewaacha juani. Paris iache. Binti amesema nini?"

Adeer akaangalia karatasi zake. Zilikuwa zimejaa majibu. Baadaye nilizisoma: majibu ya kila jambo ambalo Sahra hakulisema. Akajaribu tena. Safari hii alisema binti anawapenda watu baki kuliko damu yake. Sahra akasema, "Hapana, Aabo, sikusema hivyo," kwa upole uliomkera zaidi kuliko ukelele. Akajaribu tena, akaingiza Magharibi, simu za mkononi na marafiki wabaya wa chuo kikuu. Mzee Adow akachukua tende, akaila, akaweka kokwa kwenye kisahani.

"Labda umsaidie, Sahra," akasema mzee mwingine. "Mrudie."

Sahra akamrudia baba yake maneno yale yale, taratibu, kama anavyosomesha Kotile. Na hapo ndipo Adeer alipokwama kweli. Uso wake ulibadilika. Miaka yote tuliyojuana sijawahi kuuona uso huo ukisikiliza, na sikuutambua.

"Anasema," akaanza, akaacha. "Anasema analishwa na watu kwa kazi. Kwamba wanaweza kuacha wakitaka, na hawajaacha. Anasema ofisini alikuwa analipwa kuandika kwamba watoto hawasomi, na kule anawasomesha. Hajakataa kunitii. Anakataa..." Akamtazama Sahra. "Anakataa nimwambie kwamba kazi yake si kazi. Anataka kurudi. Kwa idhini yangu."

"Ndivyo," akasema Sahra.

"Haya, Nuh," akasema Mzee Adow. "Sasa una ruhusa. Jibu."

Adeer alitazama karatasi zilizobaki mezani, akazigeuza moja baada ya nyingine. Nadhani alikuwa anatafuta iliyoandikwa jibu la maneno hayo.

"Jibu langu," akasema mwishowe, "ni kwamba mimi ni baba yake."

"Hilo tunalijua tangu azaliwe," akasema Mzee Adow. "Tulikula mbuzi. Jibu."

Hakuwa na jingine. Wazee walinong'onezana kidogo tu, kwa sababu hapakuwa na mengi ya kunong'onezana. Sahra arudishiwe simu yake, arudi Kotile. Deeq, aliyemsingizia mama yake ugonjwa, apeleke huko mbuzi mmoja wa kuwaomba radhi wenyeji kwa kuwachukulia mwalimu wao kwa uongo. Deeq akasema sawa huku akiangalia viatu vyake. Mzee Adow akainuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Nuh, yule mtu wako, si uliwahi kusema kwamba mwishoni aliona yote aliyoyaandika ni majani makavu?"

"Alisema hivyo, mzee. Kisha hakuandika tena."

"Alikuwa mtu mwenye akili," akasema Mzee Adow, akaenda kwa ngamia wake.

Mtu yeyote angetegemea kwamba hapo Adeer amekwisha. Kumbe alikuwa na ukurasa mmoja wa Tomaso ambao bado hajautumia. Inasemekana kwamba mwishowe mama yake Tomaso alichoka, lakini hakutaka ionekane ameshindwa na mwanawe. Basi akaruhusu ashushwe dirishani, ili aweze kusema ametoroka.

Jumapili asubuhi nilifika kumuaga Sahra nikamkuta Maka uani, amesimama kando ya mlango mdogo wa nyuma, ule unaotokea kwenye jaa la takataka na mbuzi wa jirani. Mlango ulikuwa wazi. Haujawahi kuachwa wazi.

"Nuh ameufungua mwenyewe baada ya alfajiri," akasema Maka. "Amesema yeye hajatoa idhini na hatatoa. Ila mlango ukisahauliwa wazi na mtu akapita, hilo si kosa la baba."

"Na geti la mbele?"

"Lina kufuli."

Tuliingia ndani na Maka. Adeer alikuwa sebuleni, nyuma ya meza yake, akijifanya anasoma. Kitabu alikuwa amekishika sawa, lakini hakugeuza ukurasa muda wote niliokaa. Alikuwa anasikiliza nyayo, akitumaini zitaelekea uani.

Sahra alitoka chumbani na begi lake na boksi la chaki. Hakwenda uani. Alikuja moja kwa moja akasimama mbele ya meza.

"Aabo, funguo."

"Mlango wa nyuma uko wazi," akasema bila kuinua macho.

"Nimeuona."

"Basi?"

"Mimi sikuingia kwa nyuma. Na wazee hawakusema nitoroke."

"Majirani wapo nje asubuhi hii, Sahra."

"Najua, Aabo. Ndiyo maana."

Alimtazama. Alitaka kusema kitu, nikaona mdomo ukijipanga kwa ajili ya karne ya kumi na tatu, kisha ukajifunga. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka mezani ili binti azichukue mwenyewe. Zikatumbukia kwenye pengo.

Sahra hakuinama. Maka hakuinama. Mimi nilikuwa nimeanza kuinama, kwa mazoea, Maka akanishika kiwiko. Adeer akaziokota. Akasimama nazo mkononi, mrefu, mwembamba, bila meza mbele yake, na kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine akatembea mpaka getini.

Kufuli lilikuwa gumu, lilimchukua muda. Ng'ambo ya barabara wanawake wawili waliokuwa wakiuza maziwa waliacha kupima. Bajaji aliyoiita Sahra ilikuwa inangoja, dereva kijana ameegemea usukani. Adeer akasukuma geti likafunguka lote, kwa sauti yake yote ya kutu.

"Nenda," akasema. Kisha, polepole zaidi, "Kwa idhini."

Sahra akamwinamia, akambusu mkono, akapanda. Tukampakilia begi. Hapo Adeer, akiwaona wale wanawake wanamtazama, akashindwa kujizuia. Akaushika ukingo wa bajaji, akamgeukia dereva, akaanza kwa ile sauti ya Alhamisi.

"Kijana, kule Italia palikuwa na mama mmoja wa ukoo mkubwa, ambaye kwa hekima yake..."

"Mzee," akasema dereva, "unapanda, au unafunga geti?"

Adeer akaachia bajaji. Ikaondoka kuelekea stendi ya magari ya Ijara, ikipinda kukwepa mashimo. Yeye akabaki na kufuli mkononi, akilipima uzito, akarudi ndani. Geti aliliacha wazi. Redioni, Alhamisi iliyofuata, alizungumzia malaika, ambao hawahitaji milango.